4H sio ya kutembelea kwenye lami kavu

Kuna watu wanaamini kabisa kwamba ukiwa na pikapu, ukiacha 4H (ile gia ya kusukuma tairi zote nne kwa mwendo wa kawaida) muda wote unakua salama zaidi, iwe lami kavu, iwe mvua. Hapana jamani. Pikapu nyingi hazina difu ya katikati, yaani kifaa kinachoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo ukiweka 4H propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke sawasawa, sasa ukikata kona tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, kwenye matope au mchanga tairi inateleza kidogo mambo yanaisha, ila kwenye lami kavu haina pa kuteleza, utasikia usukani mzito, gari linashtukashtuka kwenye kona, tairi zinalika na vyuma vya ndani vinaweza kuvunjika.

Na hili ndo linaniumiza zaidi: 4H haifupishi breki. Breki ziko tairi zote nne tayari, 4H kazi yake ni kusukuma gari tu, ndo maana kwenye utelezi mtu anaondoka vizuri anajiona yuko sawa, afu akikanyaga breki gari linaserereka vile vile. Punguza mwendo, acha nafasi mbele yako, na pikapu ikiwa tupu ndo uwe makini zaidi maana nyuma inakua nyepesi tairi hazishiki vizuri.

4L (tairi zote nne pia, ila gia nzito yenye nguvu) ni ya polepole sana, mlima mkali au kujinasua. Gari zenye difu ya katikati ni habari nyingine, fungua kitabu cha gari lako uhakikishe.