Modeli ya meli ya matanga haichongwi tu kwenye gogo

Kila anayekuja kwangu hapa Entebbe akiiona meli yangu pale mezani anauliza, eti ulichonga gogo la mti gani? Namuelewa, maana vinyago vingi tunavyoviona sokoni vimechongwa hivyo, na modeli za kuchonga zipo pia, ila hii yenye undani inajengwa kama meli yenyewe: kwanza mkuku, ule mti mrefu wa chini kama uti wa mgongo, halafu mataruma yanasimama juu yake kama mbavu za samaki, ndo unaanza kufunika, ubao mmoja mmoja.

Na hizo mbao ndo kazi jamani. Kwa skeli ya 1:72, yaani modeli ni ndogo mara 72 kuliko meli halisi, ubao wa sentimita 30 kwenye meli halisi unabaki milimita 4 tu! Nauloweka kwenye maji ya moto mpaka ulegee, naukunja taratibu kufuata mataruma, naubana na vibanio vya nguo mpaka ukauke, ndo napaka gundi. Sasa tumbo la meli ni pana na omo, yaani sehemu ya mbele, ni nyembamba, kwa hiyo ukiacha ubao upana uleule mwanzo mwisho mbao zitapandana kule mbele, lazima uupunguze na wembe kuelekea omo. Wengi wanaharibu hapo.

Na hata ile mitumbwi ya zamani ya visiwa vya Sese, hapahapa Ziwa Victoria kwetu, haikuwa gogo tupu: chini gogo la mkuku, juu yake mbao zilizoshonwa pamoja kwa nyuzi za mimea.