Gobori linapiga mpaka wapi?

Wenye gobori la urithi wakija karakana kwangu hapa Tabora, leseni mkononi, swali ni hilo hilo: linapiga mpaka wapi? Wengi hutarajia nitaje mita 200. Mimi nasema 50, na kama mtutu hauna mifereji ndani, ile inayoizungusha risasi, sogea karibu zaidi.

Tatizo ni umbo la goroli, yaani risasi ya mviringo ya gobori. Goroli ya milimita 12 na ushei ina uzito wa gramu 11 hivi. Ikisukumwa na baruti nyeusi ya kutosha kwenye mtutu mrefu, hutoka kwa mwendo wa karibu mita 580 kwa sekunde. Huo ni mwendo mkubwa, ila kitu cha mviringo hakipasui hewa kama risasi iliyochongoka. Ikifika mita 90 imebaki na kama mita 350 kwa sekunde, na nguvu yake imeshuka hadi theluthi moja na kidogo. Dawa ya zamani ilikuwa kuongeza unene, maana goroli yenye upana mara mbili ina uzito mara nane. Ndiyo maana wawindaji wa tembo wa karne ya 19, enzi misafara ya pembe ikipita hapa Unyanyembe, walipenda mitutu mipana.

Kwa mtutu wenye mifereji, mimi huanza kukagua kitambaa kinachofunikia goroli inapoingizwa. Goroli huwa ndogo kidogo kuliko tundu. Kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta ndicho kinachoziba pengo, kuishika mifereji na kuizungusha goroli. Mimi huchanganya nta ya nyuki, ambayo Tabora haitupungukii, na mafuta ya kondoo, ili hata jua la Oktoba lisiyayeyushe hovyo. Ukishapiga shabaha, nenda kakiokote kitambaa chako hatua chache mbele. Kikiwa kizima, kina weusi katikati na kingo zilizochanika nyuzi tu, uko sawa. Kikiwa na matundu ya kuungua, moto umepenya: ni chembamba mno au kimekauka mafuta. Kikiwa kimekatika kama kwa wembe, mdomo wa mtutu una makali; ulete nikulainishie.

Halafu shindilia goroli mpaka ikalie baruti. Weka alama kwenye mdeki, fimbo ya kushindilia, uione kila mara, kwa sababu nafasi ikibaki kati ya goroli na baruti, mtutu unaweza kupasuka usoni mwako. Baruti ya bunduki za kisasa usiitie kabisa, hata chembe.

Kule Pennsylvania, Marekani, upo msimu wa kuwinda kulungu wenye mkia mweupe kwa bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, tangu 1974. Anayeiheshimu goroli hujibanza na kungoja mnyama aje karibu, ubavu ukiwa wazi, kisha analenga nyuma ya bega, kwenye mapafu. Kwa pongo wa vichaka vyetu ningefanya vivyo hivyo, kibali cha kuwinda kikiwa mfukoni. Moshi utakuziba macho na mnyama anaweza kukimbia hata akiwa amepigwa barabara. Angalia aliposimama, tulia kidogo, ndipo ufuate damu. Kumwacha porini na jeraha ni ukatili.

Siku hiyo hiyo osha mtutu kwa maji ya moto, ukaushe, upake mafuta. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kutu huanza usiku ule ule.