Mishiri kwa Mbwa na Paka: Hatari Imo Sufuriani

Wapo wafugaji wanaoamini kwamba mishiri, yale maganda machanga ya maharagwe yanayolimwa kwa wingi Mwea, Kenya, na kupelekwa Ulaya, ni sumu kwa mbwa. Si kweli. Mbwa mwenye afya anaweza kula mishiri iliyooshwa, ikachemshwa kwa maji matupu na kukatwa vipande vifupi, kwa kuwa mbwa humeza upesi na ganda zima laweza kumkaba. Nadhani hofu hiyo inatokana na maharagwe makavu, hasa mekundu, ambayo yasipoiva huwa na lektini nyingi, protini inayoleta matapishi na kuhara kwa binadamu na kwa mnyama pia. Hayo lazima yarowekwe angalau saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali. Mishiri ina lektini kidogo tu, na mchemko huiondoa.

Dhana inayodhuru zaidi ni ile isemayo kwamba mboga iliyobaki mezani haina neno, mradi mnyama anaipenda. Fikiria jinsi mishiri inavyopikwa majumbani mwetu: mafuta hupashwa moto, kitunguu kikakaangwa mpaka kikawa cha kahawia, vikafuata kitunguu saumu, nyanya na chumvi, ndipo mishiri ikatiwa. Kitunguu, kiwe kibichi, kimepikwa au kimesagwa kuwa unga, kina viambato vya salfa vinavyoharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Kuchambua vipande vya kitunguu kwa kijiko hakusaidii, maana utomvu wake umeshaingia kwenye mchuzi. Kwa paka, gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito zinatosha kuleta madhara, yaani gramu 20 tu kwa paka wa kilo 4. Mbwa huanza kudhurika kwenye gramu 15 hadi 30 kwa kilo. Linalonisikitisha ni kwamba dalili mara nyingi huchelewa siku kadhaa: mnyama hulegea, fizi zikapauka, mkojo ukawa mwekundu au wa kahawia, na mwenyewe hakumbuki tena alimpa nini. Mishiri ya mnyama na itengwe kabla kitunguu hakijaingia sufuriani. Ile ya kopo nayo huwa na chumvi nyingi, kwa hiyo si ya kumpa.

Wengine husema mbwa mnene apewe mishiri badala ya chakula chake. Ni kweli kwamba gramu 100 zina kalori 31 hivi na hushibisha, lakini hazimpi protini na mafuta anayohitaji, na mbwa anayelishwa hivyo kwa wiki nyingi hupoteza misuli pamoja na unene. Vitafunio vyote kwa pamoja visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kumpunguzia chakula zaidi ya hapo kupangwe na daktari wa mifugo.

Paka ni habari nyingine. Yeye ni mla nyama wa lazima, na mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kilichomo katika nyama na samaki. Mwaka 1987 watafiti walionyesha kwamba upungufu wake hudhoofisha moyo wa paka. Kipande kimoja au viwili vya mshiri uliochemshwa havitamdhuru, ila bakuli lake liwe na nyama au samaki kwanza.