Presha ya kifundoni haitoshi: tunavyopima damu inayofika kwenye ngozi ya mguu

Wagonjwa wa kisukari wenye kidonda mguuni mara nyingi hufika kwangu na jibu mkononi: wameambiwa damu mguuni inapita vizuri, na karatasi imeandikwa 1.3, pengine hata 1.5. Nikishika kidole, kimepoa. Kidonda nacho kiko palepale wiki nenda wiki rudi.

Namba hiyo hupatikana hivi. Mgonjwa analala, tunapima presha ya juu (ile ya moyo unaposukuma damu) mkononi na kwenye kifundo cha mguu kwa mkanda na kifaa cha dopla kinachosikiliza damu ikipita, kisha ya mguu tunaigawa kwa ya mkono. Mishipa ikiwa mizima, jibu huwa kati ya 1.0 na 1.4. Likishuka hadi 0.9 au chini, kuna ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) ya mguu iliyoziba au kusinyaa. Hakuna sindano, hakuna maumivu, na kwa mvuta sigara asiye na kisukari nakitegemea sana kipimo hiki.

Lakini kisukari cha miaka mingi, na ugonjwa wa figo pia, huweka kalsiamu kwenye ukuta wa ateri za mguu. Ateri inakuwa ngumu kama bomba la chuma. Mkanda unabana, ateri haibaniki, na tunaandika presha kubwa ambayo damu yenyewe haina. Kwa hiyo jibu linalozidi 1.4 si la kushangilia, na kwa mgonjwa wa aina hii hata 1.1 siiamini ikisimama peke yake.

Ateri ndogo za vidole hazishikwi sana na kalsiamu hiyo, ndiyo maana nahamia kwenye kidole gumba. Tunafunga mkanda mwembamba kwenye shina la kidole na kubandika kitambuzi cha mwanga mbele yake. Damu hunyonya mwanga. Kila mpigo wa moyo unapoleta damu zaidi kwenye ngozi, mwanga unaorudi unapungua, na kwenye skrini tunaona mawimbi. Mwanafiziolojia Alrick Hertzman aliieleza njia hii miaka ya 1930, na ndiyo iliyomo ndani ya kile kibano cha kidoleni ambacho wengi walikijua wakati wa Uviko. Tunajaza mkanda hadi mawimbi yapotee, tunaachia pole pole, na yanapoanza kurudi tunasoma presha. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, uwezekano wa kidonda kupona bila kuzibua mishipa ni mdogo, na huyo ni wa kupelekwa haraka kwa daktari wa upasuaji wa mishipa.

Naulizwa sana kama ngozi nyeusi inaharibu kipimo hiki. Wasiwasi huo una msingi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vibano vya oksijeni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Ila kwenye presha ya kidole hatukadirii oksijeni kwa rangi ya damu. Tunangoja tu mpigo urudi, mara nyingi kwa mwanga wa infraredi ambao melanini, rangi ya ngozi, haiunyonyi sana. Kinachodanganyika zaidi ni jicho. Ukibonyeza ngozi nyeusi ya juu ya mguu ili uone rangi ikirudi, huoni kitu cha maana. Bonyeza unyayo au kucha.

Kinachoharibu vipimo kweli ni baridi. Ngozi ya vidole ina njia za mkato kati ya ateri na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) kwa ajili ya kutoa au kuhifadhi joto la mwili, na ukiwa na baridi zinafungwa. Mgonjwa aliyekaa mbele ya kiyoyozi atapewa namba ya kiyoyozi. Sipimi kabla hajalala kwa dakika 10 hivi, miguu imefunikwa, na awe hajavuta sigara wala kunywa kahawa.

Leza ni hadithi nyingine. Mwanga wake ukigonga chembe nyekundu zinazotembea, masafa ya mawimbi yake yanabadilika kidogo, na mashine hukokotoa mwendo wa damu hadi kina cha takriban milimita 1. Mtafiti Michael Stern alionyesha hilo kwenye ngozi ya binadamu mwaka 1975. Ni kifaa kizuri cha utafiti, na picha zake za rangi zinavutia wafadhili, lakini vipimo vyake havisemi ni mililita ngapi za damu kwa dakika, na mgonjwa akitikisa mguu tu grafu inaruka. Kliniki yenye bajeti ndogo nisingeishauri ianze na leza. Inunue mkanda wa kidole.

Tatizo ni wale ambao vidole vyote vimeshakatwa. Kwao natumia elektrodi inayopasha ngozi ya juu ya mguu hadi nyuzi joto 44 hivi na kusoma oksijeni inayopenya kutoka kwenye kapilari, vimishipa vidogo kabisa vya damu. Inachukua kama dakika 20 kutulia. Ikibaki chini ya milimita 25 za zebaki, kabla ya kukata tena nataka kwanza kujua kama damu inaweza kurudishwa, maana jeraha jipya la upasuaji nalo litahitaji damu hiyohiyo.