Je, wajua kwa nini shokapu mpya hugonga hata nati zikiwa zimekazwa?

Dereva wa bodaboda anafunga shokapu mpya za nyuma, nati zinakazwa mpaka spana inagoma, lakini akipita kwenye tuta anasikia "ko! ko!" chini ya kiti. Lawama zinaangukia dukani: feki hizo. Mara nyingi shokapu haina kosa lolote.

Tazama jicho la juu, yaani pete iliyo kwenye ncha ya juu ya shokapu. Pini ya fremu inapita ndani ya bushi (bomba dogo lililo ndani ya jicho), inafuata washa (kipete bapa cha chuma), kisha nati, ambayo kwenye pikipiki nyingi ni ile ya kofia, iliyozibwa kichwani. Washa ikisahaulika, au ikiwekwa nyembamba kuliko ya awali, ncha ya pini inagota mwisho wa kofia kabla nati haijaibana bushi. Mkononi unahisi imekaza kabisa, kumbe nati imeibana pini tu na jicho bado linacheza. Lishike, lisukume ndani, livute nje. Likisogea, ongeza washa.

Kama linacheza juu na chini, basi tundu la bushi ni pana kuliko pini. Shokapu zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na matundu ya milimita 10, 12 au 14. Tafuta bushi ya saizi yake. Kujazia kwa bati la kopo ni kuahirisha tatizo: bati linalika, pini nayo inalika, na pini hiyo ni sehemu ya fremu.

Tundu la chini likikataa kulingana na bolti, weka nyundo pembeni, utaharibu meno ya bolti bure. Badilisha upande mmoja kwanza ili shokapu ya upande wa pili ishikilie gurudumu, kisha inua tairi kidogo kwa ubao mpaka matundu yakutane. Yakigoma bado, zilaze shokapu zote mbili mpya pamoja, upime kutoka katikati ya jicho hadi katikati ya jicho. Zikipishana urefu, zirudishe.

Na zikiwa ndefu kuliko za zamani, mnyororo utaonekana umelegea pikipiki ikiwa kwenye stendi. Usiukaze hapo hapo. Abiria na mzigo wakipanda, gurudumu linapanda, mnyororo unajivuta wenyewe, na ukizidi kukaza unaumiza beringi na sproketi (gia za mnyororo). Upime mtu akiwa amekaa juu ya kiti.