Tovuti tano si mashahidi watano

Kwa mara nyingine tena mwanafunzi wangu wa kemia ya kompyuta ameniletea jedwali la vipimo vya kulinganishia hesabu zake, na utetezi uleule: "Mwalimu, namba hii nimeikuta kwenye tovuti tano, zote zinakubaliana." Jamani! Tovuti zikinakili kitabu kimoja, shahidi ni mmoja. Tafuta aliyepima, alipima nini, kwa njia gani, na kosa lake alilikadiria kuwa kiasi gani.

Kiwango cha kuchemka nitakipita haraka. Hapa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Namba isiyotajiwa mgandamizo wa hewa, iacheni.

Kinachonikera ni mitetemo ya molekuli. Haidrojeni kloridi utaikuta na 2,886 cm⁻¹ (kizio tunachopimia nishati ya mitetemo) huku, na 2,991 kule. Wanafunzi hudhani wapimaji wamegombana, wakachukua wastani. Wastani wa nini? 2,886 ni nishati ambayo molekuli hufyonza kweli inapopanda kutoka ngazi ya chini kabisa kwenda inayofuata. 2,991 hukokotolewa kutokana na ngazi nyingi za molekuli hiyohiyo: ndivyo ingetetema kama bondi yake ingekuwa springi kamili, isiyolegea kadiri inavyovutwa. Programu zetu za kukokotoa molekuli, msipoziagiza vinginevyo, hutoa namba ya aina hii ya pili. Ukiilinganisha na 2,886 utaisingizia mbinu yako kosa la cm⁻¹ 105. Tena kuna baya zaidi: mbinu mbovu, inayokadiria chini kuliko inavyopaswa, itaonekana hodari, nawe utaisifu kwenye tasnifu. Nishati ya kuvunja bondi ina mtego huohuo. Ya haidrojeni ni elektronivolti 4.48 ukianzia ngazi ya chini kabisa, 4.75 ukianzia kitako cha bonde la nishati, chini ya ngazi hiyo.

Na maabara nayo hukosea. Mwaka 1960 wapimaji Herzberg na Monfils walipima nishati hiyo ya kuvunja bondi ya haidrojeni, kuanzia ngazi ya chini kabisa, wakapata cm⁻¹ 36,113.6. Mwaka 1968 wananadharia Kołos na Wolniewicz wakaikokotoa: 36,117.4. Herzberg aliporudia kupima, mwaka 1970, kipimo kipya kikaegemea upande wa hesabu.

Nikikuta molekuli yenye kipimo kimoja tu cha zamani, kisicho na makadirio ya kosa, sina kanuni ya kuwapa. Mimi hukiandika pembeni, nje ya wastani wa makosa ya mbinu. Wenzangu wengine hukitupa kabisa, na siwezi kusema wamekosea.