Mbuzi hahitaji chungwa: dhana potofu kuhusu vitamini na vimeng'enya

Kila nikija likizo Tanga, barazani kwetu Ngamiani nakuta beseni la machungwa ya Muheza na swali lile lile: "Hivi mwanangu, wewe ni daktari wa nini hasa?" Nachunguza maumbo ya vimeng'enya, zile protini zinazoharakisha kemia ya mwili, hasa vinavyounda vitamini. Miaka yote nimejibu kwa mkato, na dhana potofu zimebaki palepale.

"Asiyekula matunda hapati vitamini C." Kwa binadamu ni karibu na kweli, ila si kweli kabisa, kwani hata mboga za majani zinayo. Kwa mbuzi si kweli hata kidogo. Hawa wanaozurura mitaani kwetu hula makuti na maboksi, wala hawaugui kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Ini la mbuzi huiunda kutokana na glukosi, hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Sisi jeni la kimeng'enya cha mwisho liliharibika kwa mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Vitamini ni kile mwili unachohitaji lakini hauwezi kujiundia, kwa hiyo kitu kile kile ni vitamini kwako, kwa mbuzi si vitamini. Na vitamini B12 haiundwi na mmea wala mnyama yeyote, ila bakteria na jamaa zao arkea. Kisamvu hakina, dagaa wanayo kwa sababu imewafikia kupitia chakula chao.

"Mnaviona kwa darubini." Darubini ya kawaida haifiki huko, kimeng'enya ni kidogo mno kuliko mawimbi ya mwanga wenyewe. Shangazi yangu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ndiye aliyenielewa upesi. Kule maji ya bahari hutulizwa, jua likayakausha taratibu, chembe zikajipanga. Sisi twafanya hivyo kwa tone la protini dogo kuliko chozi, linaloning'inia chini ya kioo juu ya maji yenye chumvi kali, yakilinyonya unyevu kidogo kidogo. Ukiharakisha unapata ukungu mweupe usiofaa kitu. Ukijaliwa, baada ya siku au miezi fuwele huota, yaani chembe za protini zilizojipanga kama zile za chumvi. Hapo ndipo unazipiga kwa eksirei, miale inatawanyika, na kwa hesabu unajua kila atomu imekaa wapi.

Mwanakemia Dorothy Hodgkin wa Oxford alipokea fuwele nyekundu za B12 mwaka 1948, na umbo lake likakamilika katikati ya miaka ya 1950. Baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole tangu ujanani. Habari za Nobel yake ya 1964 zilimkuta Ghana. Humkumbuka kila tone langu linapoharibika.

"Kimeng'enya hakibadiliki kikimaliza kazi." Hili tulilikariri shuleni, nami nililiandika kwenye mtihani nikapewa alama. Ni kweli kwa vimeng'enya karibu vyote. Lakini chukua hamira, hii hii ya kuumulia vitumbua. Hamira hujiundia vitamini B1, na B1 inahitaji atomu moja ya salfa. Mwaka 2011 kundi la watafiti Tadhg Begley na Steven Ealick lilionyesha salfa hiyo inatoka wapi: kimeng'enya kiitwacho THI4 huing'oa mwilini mwake chenyewe. Kinaunda molekuli moja tu, basi, hakirudii tena. Protini yenye asidi amino, yaani vipande vinavyoijenga, zaidi ya 300, imejengwa kwa gharama kubwa, inatumika mara moja. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumba kizima. Ndiyo sababu nikachagua kazi hii.

"Sasa kompyuta inatabiri maumbo yote, mtafanya nini?" Binamu yangu ndiye aliyeniuliza. AlphaFold, programu ya kompyuta inayofanya utabiri huo, ni kazi kubwa, na walioiongoza walishiriki Nobel ya kemia ya 2024. Ninaitumia karibu kila siku. Lakini inakupa mkunjo wa protini, haikuambii kwamba mahali fulani palikuwa na salfa na sasa haipo.

Shangazi alisikiliza yote, kisha akafunua bakuli la unga wa vitumbua alioulaza usiku. Povu lilikuwa limefika ukingoni. "Kwa hiyo humu ndani," akasema, "vinajing'oa sasa hivi?"

Ndiyo, shangazi. Sasa hivi.